Gereji Inayotazama Lango

Siku Javan alipofungua boma lake jipya kule juu ya Sori, mji mdogo wa kando ya ziwa, gari ndilo lililotangulia kupita langoni, na lilipita likilia. Halikulia kwa honi wala kwa injini. Ilikuwa ile kengele ndogo ya dashibodi, ti, ti, ti, inayolalamika kwamba abiria ameketi na hajafunga mkanda. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Valary, mke wa Javan, alikiona vizuri kwa sababu alikuwa akitembea nyuma kidogo, ubavuni, amebeba kigae chenye makaa ya moto. Javan akainama kutoka kwenye usukani, akauvuta mkanda taratibu, akauzungusha pale pasipo na mtu na kuubana, halafu akausawazisha kwa kiganja mahali ambapo bega lingekuwa. Kengele ikanyamaza. Valary akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hajawahi kufungwa mkanda na mwanamume huyu, hata siku ile alipotoka hospitali na mtoto mchanga mikononi.

Akajiambia ni mitambo tu. Magari ya siku hizi yana maringo, na hili lilikuwa na haki ya kuringa.

Kwa asiyejua, kufungua boma kwetu si kuhamia nyumba. Mwanamume anaingia alfajiri na shoka, mtoto wake wa kiume anabeba jogoo, mke anabeba moto, na mzee wa ukoo anawaongoza. Nyumba inasimama siku hiyohiyo na wanalala humo. Mke aliyeingia naye kwa lango hilo ndiye mikayi, mke mkubwa, na nyumba yake hujengwa juu kabisa, mlango ukitazamana na lango moja kwa moja. Hata mume akioa wengine kumi, hakuna atakayejenga pale. Wao hukaa pembeni. Tena masika yakifika, mikayi ndiye wa kwanza kutia mbegu ardhini, na wengine humsubiri.

Valary alikuwa amelisubiri lango hilo tangu aolewe kutoka Rangwe. Miaka yote hiyo aliishi katika boma la mama mkwe wake, kwenye kile kibanda cha ujana wa Javan, akiulizwa mbona amemwaga majivu huku na si kule. Mtoto wao, Bravin, alikuwa amepelekwa kusoma Rangwe kwa bibi yake. Kwa hiyo Javan alipokuja jioni moja na kumwambia kwamba tajiri wake amekubali kumsaidia kujenga, Valary alilia mpaka akaaibika.

Tajiri huyo alikuwa Ondieki, mnunuzi wa dhahabu wa Migori, na kazi ya Javan ilikuwa kumtunzia magari yake. Gari hili ndilo lililokuwa mboni ya jicho. Yametengenezwa machache sana duniani, ya kuhesabu kwa vidole. Lilikuwa la kijivu kama mgongo wa samaki mbuta, milango yake ilifunguka kwenda juu, na injini ilikaa nyuma ya viti, ikinguruma hadi kifua cha mtu kinatetema. Sasa Ondieki alitaka kuliuza kwa wakusanyaji. Hao ni watu wanaonunua magari ya kutazama tu, wakayafungia, kama mama zetu wanavyofungia kabatini vikombe vya wageni. Mpaka mnunuzi apatikane, Javan alisema, gari lingefichwa Sori, mbali na macho ya watu.

Ndiyo maana gereji ilihitajika. Na walipopiga vigingi vya ramani, gereji ndiyo iliyowekwa juu, ikitazamana na lango, na nyumba ya Valary ikasukumwa pembeni. Valary aliuliza, si kwamba alikuwa mjinga. Javan akamweleza kwamba gari liko chini mno, haliwezi kukata kona kwenye mawe yetu, linataka njia iliyonyooka. Ni ya muda tu, akasema. Likiuzwa tunaibomoa, tunakujengea palepale nyumba kubwa yenye veranda. Mzee Willis, baba yake mdogo Javan aliyesimamia mila siku hiyo, alivitazama vigingi kwa muda mrefu, akalitazama koti jipya alilonunuliwa, akafunga mdomo. Bravin alibeba jogoo wake akifurahi, na kesho yake akarudishwa shule.

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa chakula. Valary sasa alikuwa na jiko lake, na aliingia jikoni kwa moyo wote. Alipika samaki ngege kwa nyanya na kitunguu, akasonga ugali ukasimama. Javan akamega matonge mawili ya heshima, akanawa. Nimeshiba, akasema. Kesho yake ameshiba. Keshokutwa ameshiba. Umeshiba nini na wapi, Valary akajiuliza, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa akikonda, mkanda wa suruali unatobolewa tundu jipya kila mara, na bado anajishika tumbo kama mtu aliyetoka harusini.

Akafanya kile ambacho mwanamke yeyote angefanya: akatafuta mwanamke. Alishuka ufukoni kwa wanawake wanaouza omena, dagaa wa ziwani, akazungumza nao juu ya hili na lile, akachokoa kidogo. Wakamcheka. Wakamwambia wanaume wa kusumbua wanajulikana wote kwa majina, na huyo wake hata samaki anamnunua bila kumtazama muuzaji. Alirudi akiwa ametulia nusu. Ile nusu nyingine ilimkaa rohoni kwa sababu ya harufu. Kila siku mchana, jua likiwa utosini, gereji ilitoa harufu ya ukoko wa ugali, ule unaoungua chini ya sufuria mpishi akiwa hana haraka. Na gereji haikuwa na jiko.

Mvua ilipoanza, Valary aliamka kabla ya wote, akachukua jembe lake na mbegu za mahindi, akapanda mistari ya kwanza kama mikayi anavyopaswa. Hakuna aliyemwona ila yeye mwenyewe, lakini alijisikia mrefu. Asubuhi iliyofuata alifungua mlango akazikuta mbegu zake zote kizingitini. Zilikuwa zimepangwa mstari mmoja mnyoofu, punje baada ya punje, na zimeoshwa, hazina hata chembe ya udongo. Javan akasema ni kuku. Valary akamuuliza ni kuku gani anayeosha mbegu, naye akaondoka kwenda Migori.

Siku hiyo mchana harufu ya ukoko ilikuja tena, na Valary akachoka kuogopa kitu asichokijua. Akavuka ua akasukuma mlango wa gereji. Ndani kulikuwa na joto la jikoni. Gari lilikuwa limefunikwa shuka lake jeusi, na upande wa dereva shuka lilikuwa limetulia, lakini upande wa abiria lilikuwa linapanda kidogo na kushuka, likipanda tena na kushuka. Akalishika kwa ncha za vidole akalifunua, akaona kioo cha upande ule kimefunikwa ukungu kutoka ndani, kile kimoja tu, vingine vikavu, na ndani ya ukungu ule mkanda wa kiti umefungwa umebana, umepinda katikati kama umezunguka kifua kilichojaa, na ule mkanda nao ukipanda na kushuka, na kwenye kiti cha dereva sahani mbili, moja imelambwa safi na nyingine bado inafuka mvuke, na kabla hajaweza kurudisha mguu nyuma ukungu ukafutwa, polepole, kwa ndani, duara la ukubwa wa uso, na nyuma ya duara hapakuwa na uso wala jicho wala chochote, ila alijua kwa mwili wake wote kwamba anatazamwa, vile mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. Kengele ya dashibodi ikalia mara moja tu. Ti. Valary akajisikia akisema samahani, akatoka kinyumenyume.

Javan aliporudi alimweleza yote kwa kunong'ona, kana kwamba kuta za udongo zina masikio. Javan hakushtuka, na hilo lilipaswa kumtosha. Alimshika mabega akamwambia avumilie, gari likiuzwa kila kitu kitaisha. Basi Valary akalishikilia hilo. Kila tumaini alilokuwa nalo, boma, lango, veranda, alilitundika kwenye kuuzwa kwa lile gari. Alifyeka majani njiani. Aliokota kila jiwe kati ya gereji na lango ili siku ya kuondoka lisikwame.

Mnunuzi alipatikana, na wakala wake, kijana wa Nairobi aitwaye Clifford, akaja kulikagua. Alikuwa na viatu vya kung'aa na alikuwa anaogopa. Clifford akaingia, akaketi kwenye kile kiti cha abiria, akafumba macho. Kengele ikalia, ti, ti, ti. Akainuka, ikanyamaza. Akaketi, ikalia. Akainuka, ikanyamaza. Kiti kikiwa kitupu, kengele haikulia tena. Akacheka kama mtu aliyeambiwa hana ugonjwa.

Lori la kubebea magari likaja, likalipakia, likatoka kwa lango, na Valary akapiga kigelegele peke yake katikati ya ua. Clifford, akiwa tayari anapanda gari lake, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mama, Mungu awabariki," akasema. "Si watu wengi wangekubali kumpa makao."

Lilikuwa limebaki vumbi tu barabarani neno hilo lilipomfikia vizuri. Akageuka kuitazama gereji. Ilikuwa wazi na tupu, doa la oili sakafuni, na kutoka ndani yake harufu ya ukoko ilikuja nzito kuliko siku zote.

Javan alikuwa ameketi juu ya jiwe, mgongo ameupa gereji. Valary akaja akasimama mbele yake.

"Kumpa nani makao, Javan?"

Javan akaokota kijiti, akakivunja.

"Ulijua?"

"Nilijua," akasema kwa sauti ya chini sana. "Usiseme kwa nguvu. Anasikia."

"Tangu lini?"

"Kabla ya lango."

Akamweleza, macho yakiwa chini. Ndani ya gari mlikuwa na jini hata kabla Ondieki hajalinunua, na kila mkusanyaji aliyekuja Migori aliketi kidogo akatoka anapangusa shingo, akaondoka bila hata kunywa chai. Hakuna aliyelitaka na abiria wake. Ondieki akaleta mtaalamu kutoka Pwani, naye akasema huyu ni wa kike na amechoka kusafiri. Hataki kafara wala damu. Anataka kuolewa, kuwa na boma lake, aingizwe kwa lango jipya kama mke anavyoingizwa, atangulie, na nyumba yake itazame lango. Ondieki mwenyewe alikwisha kufungua boma lake zamani, na mikayi wake yumo. Akatafuta katika watu wake mwanamume ambaye bado hajafungua la kwake.

"Kazini asiye na boma nilikuwa mimi peke yangu," Javan akasema.

Kwa hiyo boma lenyewe ndilo lilikuwa malipo. Lile alilolililia kwa furaha. Zile kuta alizozikandika kwa mikono yake, akiimba, alizikandika kando ya nyumba ya mwenzake.

"Na mimi nilibeba moto," Valary akasema.

"Ulikuwa nyuma ya gari, Val." Akajaribu kumshika mkono. "Lakini una nyumba. Nyumba ni nyumba. Kuna ubaya gani?"

Jamani, kuna maneno ambayo mtu akishaambiwa hayatoki tena. Angemletea mwanamke wa Sori, wa nyama na mifupa, wangegombana, wangetupiana masufuria, na kesho wangesalimiana. Lakini Javan alikuwa ameichukua ndoto aliyomweleza kitandani, neno kwa neno, akamjengea mwingine. Valary hakulia. Alihisi aibu, aibu ya kijinga, ya kukumbuka kwamba alisema samahani.

Alimwita Mama Filister kutoka Kendu Bay, anayeombea watu kwa kitambaa cheupe asubuhi na kuwachemshia mizizi jioni, bila kuona shida yoyote. Alifika kwa bodaboda, akalalamikia mgongo wake, akaomba anunuliwe soda baridi pale barabarani. Lakini alipofika langoni hakuingia. Alisimama na soda yake mkononi, akatazama juu, gereji, akatazama pembeni, nyumba. Akauliza swali moja tu.

"Nani aliingia kwanza?"

Valary akamwambia, hata habari ya mkanda. Mama Filister akavuta pumzi.

"Binti yangu, mimi nafukuza wageni. Huyu si mgeni. Huyu ameolewa." Akashusha sauti hata Valary akalazimika kusogea. "Hapa mgeni ni wewe. Na hiyo ndiyo bahati yako. Umerudishiwa mbegu, siyo? Alikuwa anakuambia zamu si yako. Sasa ataanza yeye kupanda. Akishapanda, nawe ukatia hata punje moja baada yake, umemkubali. Utakuwa mke mdogo wake mpaka wakuzike hapa. Usipopanda, lango liko wazi kwako."

"Na Javan?"

Mama Filister akamalizia soda yake, akamrudishia chupa. "Javan alifunga mkanda kwa mkono wake," akasema, akampungia mtu wa bodaboda.

Usiku mvua ilinyesha. Kulipokucha, mbele ya gereji palikuwa pamelimwa. Mistari ilikuwa imenyooka, udongo umepigwapigwa kwa kiganja juu ya kila shimo, na kwenye tope lote lile hapakuwa na unyayo hata mmoja. Javan alikuwa tayari amesimama mlangoni kwa Valary. Suruali aliifunga kwa kamba. Mkononi alikuwa na jembe la mkewe na bakuli la mbegu, zile zile zilizooshwa.

"Panda, Val," akasema. "Mstari mmoja tu. Nusu mstari."

"Kwa nini?"

"Akiona umekubali atakupa na wewe zamu ya kunipikia. Sasa ni mimi na yeye tu. Kila siku ananipakulia, na siwezi kukataa. Nakula, nashiba, na sioni kinakwenda wapi." Akamsogezea bakuli. "Nisaidie. Mimi ni mume wako."

Valary alichukua jembe. Wasije watu wakasema hakumhurumia. Alimhurumia, na zaidi alizihurumia kuta zake, na jiko lake, na mihogo iliyokwisha kushika nyuma ya nyumba. Punje moja tu na vyote vingebaki vyake, hata kama ni pembeni. Alikuwa na boma ambalo wanawake wa Sori walikuwa wakilionea wivu. Alifika mpaka shambani. Aliinua jembe. Kisha akamwuliza kile alichohitaji kukijua.

"Nikipanda, Javan, wewe utakuwa mume wa nani?"

Javan akageuka akaitazama gereji kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa, ndipo akafungua mdomo kujibu. Valary hakusubiri jibu. Aliliweka jembe chini, akaingia jikoni kwake, akatafuta kile kigae alichokuja nacho, akachota makaa kutoka kwenye mafiga mpaka mafiga yakabaki na majivu. Hakuchukua kitu kingine ila nguo za Bravin.

Mbele ya gereji alisimama, akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu ya mwanamke kwa mwanamke.

"Nyieka, mke mwenzangu," akasema. "Boma ni lako. Moto wangu nimeubeba. Mtu wako nimekuachia."

Harufu ya ukoko ikakatika ghafla, kama sufuria iliyoepuliwa.

Akapita langoni. Javan alimfuata mbio, akimwita jina lake la kwao, Nyar Rangwe, binti wa Rangwe, Nyar Rangwe, na alipofika kwenye nguzo za lango akakwama. Lango lilikuwa wazi kabisa. Vidole vya miguu yake vilikaa sawasawa kwenye mstari, na mwili ukagoma kwenda zaidi. Alimtazama Valary kwa macho ya mtu aliyeonewa, yeye, na Valary akashangaa kujikuta bado ana nguvu ya kukasirika.

Ndipo ikaanza kulia kule juu, ndani ya gereji tupu yenye doa la oili tu. Ti. Ti. Ti.

Javan akageuka. Valary akashika barabara ya kuteremka, moshi wa makaa ukimwingia machoni, na hakutazama nyuma. Alisikia kengele ikiongeza kasi, kama yanavyofanya magari hayo mtu akichelewa kutii, na nyayo za mumewe zikirudi uani, zikipanda, zikiingia kwenye sakafu ya saruji. Kisha, kule kusiko na gari tena, akasikia mkanda ukivutwa polepole, na ule mlio mdogo wa kubana, akajua safari hii aliyefungwa ni Javan. Kengele ikanyamaza.